Mteja akiuliza "itakuwa tayari lini?" nakosa jibu: maisha yangu na MS

#1 FundiWaBombo

Assalam alaykum, na habari za usiku kwa wote. Nimesoma humu kimyakimya kwa miaka. Huu ndio uzi wangu wa kwanza na ni mrefu, mnivumilie.

Mimi ni fundi cherehani hapa Bombo, Uganda. Nina miaka 34 na watoto wawili. Nashona gomesi (lile gauni refu la heshima la wanawake wa Uganda), sare za shule, mapazia, chochote kinacholetwa. Tangu nikiwa na miaka 27 naumwa ugonjwa unaoitwa multipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Sikuja kuomba dawa wala mchango. Nimekuja kwa sababu ya jambo la juzi Jumanne.

Alikuja mama mmoja na kitambaa cha gomesi, cha manjano, laini, kile ambacho fundi ukikishika tu roho inafurahi. Binti yake ana kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, mwisho wa mwezi. Akaniuliza swali ninaloulizwa kila siku: "Itakuwa tayari lini?" Nikanyamaza. Gomesi naijua kama jina langu: mabega yaliyochongoka, shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto. Ni kazi ya siku mbili. Lakini sikujua mkono wangu wa kushoto utaamkaje Alhamisi, wala kama Ijumaa nitaweza kusimama. Yule mama akadhani nimeelemewa na kazi, akaanza kukunja kitambaa chake aondoke. Nikalia mbele ya mteja. Sijawahi kufanya hivyo.

Ngoja nieleze nilikotoka.

Ilianza na jicho la kulia. Nikiligeuza linauma kwa ndani, na rangi zikaanza kufa. Niligundulia kazini: uzi mwekundu nikiutazama kwa jicho la kushoto ni mwekundu, kwa la kulia umechujuka kama nguo iliyoanikwa juani mwaka mzima. Zahanati moja ya macho wakanipa matone ya aleji. Baada ya wiki sita jicho likarudi, nikasahau. Mwaka uliofuata ganzi ikapanda kutoka vidoleni hadi kiunoni, nikawa nakanyaga pedali ya cherehani bila kujua mguu wenyewe uko wapi. Nikaambiwa ni presha. Nikaambiwa ni mawazo. Shangazi akasema kuna mtu ana kijicho na kazi yangu. Halafu ganzi ikaondoka yenyewe, na hapo ndipo unaanza kujitilia shaka: labda kweli ni mawazo?

Mwaka wa tatu, nikiinama kwenye rukuu, shoti kama ya umeme ikashuka kutoka shingoni hadi miguuni. Kila rukuu, shoti. Sheikh wetu, Mungu amlipe heri, akaniambia niswali nikiwa nimekaa na niende hospitali kubwa. Nilikuwa na cherehani mbili, nikauza moja, nikalipia kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha ndani ya mwili, Kampala. Wakanitoa na maji ya uti wa mgongo. Daktari wa neva akanionyesha madoa meupe, mengine kwenye ubongo, mengine kwenye uti wa mgongo, akanitajia jina.

Nisiwafiche: siku ile nilirudi Bombo kwenye taksi nina furaha. Miaka mitatu naambiwa sina kitu, leo kitu kina jina. Nilidhani kutojua kumeisha. Kumbe kulibadilisha nguo tu. Nilikuwa nimemuuliza daktari nitatembea hadi lini, akasema hawezi kujua. Shambulio lingine litakuja lini? Hawezi kujua. Litapiga jicho au mguu? Hawezi kujua. Na hakuwa anaficha, ndivyo ugonjwa ulivyo.

Ganzi nimeizoea. Hata kubanwa mkojo ghafla nimekupangia njia. Kinachonila ni kwamba siwezi kumwambia mtu neno "kesho" nikalimaanisha. Kesho nitakuja. Kesho itakuwa tayari. Mwanangu akiniuliza kama nitafika siku ya wazazi shuleni, nasema inshallah, naye ameshajua kwamba inshallah ya mama ina maana mbili.

Kwa hiyo swali langu, si kwa wenye MS peke yao, hata wenye siko seli, kifafa, lupasi: mnaahidi vipi watu?

#2 Mkaazi_Busia

Pole sana dada. Nisamehe kwa kuuliza, hii MS ni nini hasa? Ni aina ya kiharusi? Inaambukiza?

#3 FundiWaBombo

Haiambukizi, kaka, wala si kiharusi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kushambulia ala inayofunika neva za ubongo, uti wa mgongo na macho. Ala hiyo inaitwa mayelini. Fikiria waya wa umeme uliotafunwa na panya: taa yaweza kufifia, yaweza kuzima, yaweza kuwakawaka, inategemea panya katafuna wapi. Ndiyo maana kwangu ni jicho na mkono, kwa mwingine ni kibofu au miguu kuyumba.

Daktari wa Paris, Jean-Martin Charcot, aliueleza kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 1868, na hadi leo hakuna dawa ya kuuondoa kabisa, ila zipo za kupunguza mashambulio. Wagonjwa ni zaidi ya milioni 2.8 duniani, na wanawake ni mara mbili ya wanaume au zaidi. Huku kwetu karibu na ikweta ni nadra kuliko Ulaya, ndiyo sababu hata wahudumu wengi wa afya hawajawahi kukutana nao. Kwa watu kama 85 kati ya 100 huanza kama wangu: unapiga, unatulia, unarudi. Huo utulivu unaweza kuwa wa miezi au wa miaka. Na humo katikati watu wanakuona mzima.

#4 MwalimuMbale

Dada Fundi, nimesoma nikafunga simu, nikatoka nje, nikarudi kusoma tena. Mimi nafundisha hesabu sekondari, nina miaka 41, MS mwaka wa tano huu.

Hilo la "wanakuona mzima" naomba nilikazie. Muhula mmoja nilikuwa nikitoka darasani saa nane mchana nayumba. Mzazi mmoja akapeleka malalamiko kwamba mwalimu wa hesabu anakuja kazini amelewa. Mimi nimeokoka, pombe sijaionja tangu 2009! Niliitwa ofisini nikaeleza, nikaleta na barua ya daktari, yakaisha. Lakini baada ya hapo nilianza kutembea nikishika ukuta hata siku ambazo sihitaji ukuta, ili watu wasishangae siku ninayouhitaji. Mtaona jinsi mambo haya yanavyomla mtu: nilikuwa naigiza ugonjwa kwa ajili ya kuaminiwa.

Na uchovu. Watu wanasema "hata mimi nachoka, mwalimu." Nimelima mimi, najua kuchoka kwa jembe. Kule ukilala unaamka umepona. Huu ni kama betri ya simu iliyozeeka, inasoma 60, ukipiga simu moja inazima. Naanza kusahihisha madaftari 40, la kumi na mbili siwezi tena kushika kalamu, na jana yake nilimaliza yote.

Kuhusu joto: Januari na Februari jicho langu linaingia ukungu kila mchana. Mwanzoni kila ukungu nilijua ni shambulio, nikakimbilia Kampala mara tatu, nauli na pesa ya kumwona daktari zikaisha. Baadaye nikaelezwa kwamba joto likipanda mwilini, waya uliochubuka unapitisha ujumbe vibaya zaidi, na mwili ukipoa hali inarudi ilivyokuwa. Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliliandika hilo mwaka 1890. Joto halitafuni neva upya. Kujua hivyo tu kulinipunguzia nusu ya hofu. Siku hizi nina taulo dogo lenye maji ya barafu, naweka shingoni kipindi cha mapumziko, na hesabu ngumu nimeomba nifundishe asubuhi.

Namna ninavyoahidi: kila somo nina maandalio mawili. Moja la kusimama ubaoni, moja la wanafunzi kufanya kazi kwa makundi nikiwa nimekaa. Siwaambii lipi litakuja. Asubuhi mwili ndio unaochagua.

#5 DerevaWaJuba

Mimi mwenyewe ni mzima, mgonjwa ni mke wangu. Naendesha trela, Malaba hadi Juba, kwa hiyo wiki nzima siko nyumbani.

Niseme kosa langu. Kwa mwaka mzima alikuwa anakataa kwenda popote. Harusi ya mdogo wangu Gulu, hakwenda. Msiba wa mjomba, hakwenda. Nikamwambia, wewe hupendi watu wangu. Maneno mabaya yakatoka. Siku moja ndipo aliponiambia, analia, kwamba kibofu hakimpi hata dakika tano, na kwenye basi la Gulu hajui litasimama wapi wala kama konda atakubali. Hakuwa anawakwepa ndugu zangu, alikuwa anaikwepa ile barabara. Nami ndiye dereva! Ningeweza kusimama popote!

Sasa tukisafiri tunapanda gari la rafiki yangu, vituo tunavijua kabla hatujatoka. Ila simu ndiyo bado inanitesa. Nikiwa Nimule nikapiga mara mbili asipokee, moyo unakwenda mbio. Pengine amelala. Pengine ameanguka bafuni. Mgonjwa hajui, na sisi tulio mbali hatujui zaidi.

#6 NesiMstaafu_Mbarara

Wanangu, nimefanya kazi wodini miaka mingi, naomba mnisikilize kidogo.

Kwanza, malaria. Kwa nchi yetu hili ndilo kubwa. Mgonjwa wa MS akipata malaria au maambukizi ya njia ya mkojo, homa inaamsha dalili zote za zamani. Mguu uliopona miaka miwili iliyopita unalegea tena. Familia inalia kwamba ugonjwa umerudi. Pengine haujarudi, ni homa. Shambulio la kweli ni dalili mpya, au ya zamani iliyozidi wazi, ikadumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi. Kwa hiyo kabla ya kupanda taksi ya Kampala, nenda kituo cha afya cha jirani mpime malaria na mkojo. Kipimo cha malaria ni tone la damu la kidoleni.

Pili, msinunue vidonge vya prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, duka la dawa eti jicho limeingia ukungu. Mwaka 1992 kulichapishwa utafiti wa Marekani juu ya uvimbe wa neva ya jicho: waliopewa vidonge vya prednisoni, ndugu wa prednisoloni, peke yake kwa dozi ya kawaida, jicho liliugua tena mara nyingi zaidi. Inayotolewa kwa shambulio ni methiliprednisoloni kwa dripu, kwa kawaida gramu 1 kwa siku, siku 3 hadi 5, chini ya daktari. Nayo inaharakisha kupona tu, haibadilishi mwendo wa ugonjwa kwa miaka ya mbele.

Tatu, upo ugonjwa unaofanana sana na MS, unaitwa NMO, nao unapiga macho na uti wa mgongo. Sisi Waafrika tunaupata kuliko Wazungu. Kingamwili yake iligunduliwa mwaka 2004 na inapimwa kwa damu. Baadhi ya dawa za MS humzidishia mgonjwa wa NMO, basi muulize daktari wako kama amelifikiria hilo. Kuuliza si utovu wa adabu.

Na kwako Fundi: unachokieleza kimefanyiwa kazi. Muuguzi wa Marekani, Merle Mishel, alitengeneza mwaka 1981 orodha ya maswali ya kupima ni kiasi gani mgonjwa hajui maana ya yanayompata, nadharia yake ikafuata 1988. Alisema kutojua hakuji na maana yake, ni sisi tunaokupa: unaweza kukuona kama hatari, au kama mlango ambao bado haujafungwa. Wodini nilikuwa naona wote wawili, vitanda vya jirani, picha za MRI zinafanana, mmoja anakula na kuulizia mifugo yake, mwingine kageukia ukuta. Hatukuwahi kumuuliza huyu wa ukutani kuhusu hofu yake. Tulipima presha, tukaandika, tukapita. Hilo linanisumbua hadi leo.

#7 Mzee_wa_Arua

Binti yangu, usiidharau dawa ya kienyeji. Huku kuna mzee amemtibu mtu aliyepooza kabisa, akatembea. Na madoa kichwani hayaji bure, mtu ameyatuma.

#8 FundiWaBombo

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru kwa kunijali, na najua unasema kwa mapenzi.

Mitishamba nilikunywa, mwaka ule wa ganzi. Ganzi ikaondoka, nasi tukamlipa mganga mbuzi. Ila MS ya aina yangu huondoka yenyewe baada ya wiki kadhaa, uwe umekunywa dawa au maji. Ndivyo tunavyopotezwa. Na yule mtu wako aliyetembea, huenda ndivyo ilivyokuwa kwake pia.

Kuhusu aliyenitumia: hilo ndilo lililoniumiza kupita yote, mzee, kwa sababu nilianza kuwatazama majirani. Nani? Yule niliyemchelewesha sare? Wifi? Miaka miwili sikula kwa mtu. Baadaye nikasoma kuhusu utafiti uliotoka 2022 uliofuatilia rekodi za wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani. Walioambukizwa virusi vya Epstein-Barr hatari yao ya kupata MS ilipanda mara 32. Na virusi hivyo karibu kila mtu mzima anavyo, wengi tunavipata utotoni bila kujua. Kwa hiyo wapo mamilioni wenye virusi wasio na MS, na mimi ninayo. Kwa nini mimi, bado sijui. Ila nimeweza kula kwa wifi.

#9 Kijana_Wandegeya

Nina miaka 22, nipo chuo, nimeambiwa miezi miwili iliyopita. Sijamwambia mtu isipokuwa dada yangu. Usiku natafuta kwenye simu, kila picha ni kiti cha magurudumu. Nina mchumba. Nimwambie? Nitazaa? Samahani kwa kuingilia.

#10 FundiWaBombo

Mdogo wangu, hujaingilia, umekuja nyumbani.

Hizo picha zima. Daktari aliniambia wengi wa wagonjwa hawafikii kiti hicho, na dawa za leo zikianzwa mapema zinasaidia kuliko za zamani. Mimi mwaka wa saba natembea, siku mbaya kwa fimbo.

Mtoto wangu wa pili nimempata nikiwa na MS. Mimba yenyewe ilinipumzisha, na ndivyo huwa kwa wengi: mashambulio hupungua, hasa miezi mitatu ya mwisho, halafu huongezeka miezi mitatu baada ya kujifungua. Kwangu yalikuja wiki ya saba, mama yangu akahamia kwetu. Mtoto wa mzazi mwenye MS ana uwezekano wa kama 2 kwa 100 wa kuupata. Ila ongea na daktari kabla ya kushika mimba, kuna dawa zisizofaa kwa mjamzito.

Mchumba mwambie ukiwa tayari, wewe ndiye mwenye mwili. Mimi wangu aliambiwa na shangazi kabla yangu. Bado linaniuma.

#11 MamaPacha_Jinja

Sina MS, nina mapacha, mmoja ana siko seli. Swali lako la kuahidi nimeishi nalo miaka 9.

Niliacha kuahidi siku, nikaanza kuahidi namna. Simwambii shuleni "Jumatatu atakuja." Nawaambia "asipokuja mtapata ujumbe wangu kabla ya saa mbili asubuhi." Hiyo naweza kuitimiza hata nikiwa wodini. Watu wanavumilia kutojua, ila kunyamaziwa hapana.

Lingine ni kwamba kuna siku nazipanga kana kwamba hakuna ugonjwa. Krismasi tunapanga kwa nguvu zote. Ikivurugika tunalia. Nilijaribu kutopanga ili nisiumie, nikaona watoto wanakua hawangoji kitu chochote. Hilo lilikuwa baya kuliko maumivu.

#12 JiraniNairobi

Salamu kutoka Kenya. Kwa wanaouliza dawa: Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka dawa tatu za MS kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa mara ya kwanza: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Rituksimabu inatumika pia kwa saratani ya limfoma, kwa hiyo ulizeni hospitali zinazotibu saratani. Kuorodheshwa si kupatikana, najua, lakini sasa mna karatasi ya kuweka mezani.

#13 DerevaWaJuba

Mama Pacha, hiyo ya ujumbe kabla ya saa mbili nimempelekea mke wangu sasa hivi. Ameweka alama ya moyo.

#14 FundiWaBombo

Nimesoma yote, mengine mara mbili.

Jirani, dawa kwetu ndiyo kutojua kwingine. Bima ya afya ya taifa hatuna, kwa hiyo dozi ijayo inategemea nimeshona gomesi ngapi, na gomesi zinategemea mkono, na mkono unategemea dozi. Nitauliza hiyo ya hospitali ya saratani wiki ijayo.

Nesi, nilitamani kuwa kwenye wodi yako, hata kwa hilo linalokusumbua.

Jana nilimpigia yule mama wa gomesi. Nikamwambia ukweli wote: nina ugonjwa wa neva, siku nyingine mkono unakataa. Siwezi kukupa siku moja. Naweza kukupa kati ya tarehe 18 na 24, na kila jioni utapata ujumbe wangu kuwa kazi imefika wapi. Mkono ukikataa siku tatu mfululizo, kuna binti ninayemfundisha kazi, atamalizia mikunjo nikimsimamia. Alikaa kimya, nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza kama ni ule ugonjwa wa kutetemeka alionao kaka yake. Nikasema huo ni mwingine. Akasema sawa, nakuja.

Kitambaa kiko mezani. Leo nimekata mabega alfajiri kabla jua halijapanda, mkono umekubali, jicho la kulia limekataa kidogo ilipofika saa tano. Nimemtumia ujumbe wa kwanza: "Mabega tayari."

Mwalimu, hilo taulo la barafu, shingoni unaliweka dakika ngapi?

#15 MwalimuMbale

Kama 15. Likamue kwanza lisidondoshe maji, usije ukalowesha hilo la manjano.